Glukosamini na goti linalosagika: mwongozo kamili wa kupima kama kidonge kinakufaa

Mama yangu amekuna nazi kwa zaidi ya miaka 40. Ukimkuta jikoni kwake Tanga asubuhi, yuko juu ya mbuzi, goti la kulia limekunjwa, mwili umeinama mbele, nazi inashuka kwenye sinia. Siku alipoanza kushika ukuta ili ainuke, jirani alimwambia, "Ute wa goti umekauka, dada." Haikupita wiki akaja muuza virutubisho na chupa ya glukosamini, akaahidi kwamba gegedu litaota upya ndani ya miezi 2. Mama akanunua. Mimi nikaanza kusoma.

Niliyoyasoma, na tuliyoyafanya miezi iliyofuata, ndiyo ninayoyaeleza hapa. Nazungumzia goti zaidi kuliko viungo vingine kwa sababu ndiko glukosamini ilikopimwa sana. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama chupa umeshainunua.

Hatua ya 1: Tenganisha ute na gegedu

Kwetu goti likilia tu, watu husema ute umeisha. Ndani ya kiungo mna vitu viwili tofauti. Ute ni majimaji mazito yanayotengenezwa na utando unaokizunguka kiungo kwa ndani, nayo kazi yake ni kulainisha. Gegedu ni lile tabaka jeupe, linaloteleza, lililovika ncha za mifupa. Ukila paja la kuku, kile cheupe kinachong'aa mwishoni mwa mfupa, ambacho meno yanakikata kwa shida kidogo, ndicho gegedu. Katika goti la mtu mzima lina unene wa milimita chache tu.

Goti linalosagika mara nyingi halikauki. Ute huongezeka, goti likavimba, ila ute wenyewe unakuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo anayekuuzia kitu cha "kurudisha ute" anazungumzia jambo ambalo pengine silo linalokusumbua.

Gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Ndiyo maana linaweza kulika kwa miaka bila wewe kujua, na ndiyo maana likichanika halifungi kidonda kama ngozi inavyofunga. Sehemu kubwa yake ni maji, na kinachoyashika maji hayo ni molekuli kubwa zinazoitwa agrekani, zilizonaswa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni. Ukikanyaga, maji husukumwa nje. Ukiinua mguu, hurudi ndani, nayo hurudi na chakula cha seli. Goti lisilotembezwa halili vizuri. Naomba ulishike hilo hadi tufike kwenye mazoezi ya hatua ya 5.

Katika ugonjwa wa kusagika, ambao madaktari huuita osteoathraitisi, seli za gegedu hupokea ishara za uvimbe na kuanza kutoa vimeng'enya vinavyokata. Vimoja hukata agrekani. Vingine, hasa kile kiitwacho MMP-13, hukata kolajeni. Agrekani ikipotea, seli zinaweza kutengeneza nyingine kwa kiasi. Wavu wa kolajeni ukishachanika, kuusuka upya ni jambo ambalo mwili wa mtu mzima haujui kulifanya vizuri.

Hatua ya 2: Hakikisha maumivu ni ya kusagika

Glukosamini ilipimwa kwa watu wenye osteoathraitisi. Maumivu yako yakiwa ya kitu kingine, chupa itakuchelewesha kupata tiba inayokufaa.

Goti la kusagika huuma ukilitumia na kupoa ukipumzika. Asubuhi hukakamaa, lakini kwa kawaida kabla ya nusu saa limelegea. Mwenyewe mara nyingi amevuka miaka 45, au aliwahi kuumia goti ujanani, tuseme kwenye mpira.

Nenda hospitali, si duka la dawa, kama goti limekuwa jekundu na la moto ghafla, hasa ukiwa na homa. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, nayo hayasubiri kesho. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa saa nzima asubuhi, daktari atafute baridi yabisi, ambayo ina dawa zake za kuzuia kiungo kisiharibike. Kidole gumba cha mguu kikiwaka usiku mmoja hadi shuka halivumiliki, fikiria jongo. Na kijana mwenye siko seli anayelalamika nyonga apigwe picha, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu.

Hatua ya 3: Jua kidonge kinadaiwa kufanya nini, na kimeonekana kufanya nini

Glukosamini ni aina ya sukari yenye naitrojeni. Mwili wako unaitengeneza wenyewe kutoka kwenye glukosi na kuitumia kujenga minyororo inayoifanya agrekani ishike maji. Ya kwenye chupa hutolewa zaidi kwenye magamba ya kamba na kaa, na nyingine kwenye kuvu.

Madai ni mawili. La kwanza ni la tofali: ukila malighafi, gegedu litajengwa. Hili ndilo wauzaji wanalolipenda, na ndilo dhaifu, kwa kuwa mwili haukupungukiwa na tofali hilo tangu mwanzo. La pili lina uzito zaidi. Kwenye maabara, seli za gegedu zikimwagiwa ishara ya uvimbe pamoja na glukosamini, vimeng'enya vinavyokata hupungua. Ni kweli, imeonekana mara nyingi. Tatizo liko kwenye kipimo. Mtu akimeza miligramu 1500, glukosamini inayofika kwenye damu na kwenye ute wa goti ni kidogo sana, na vipimo vingi vya maabara vilitumia kiasi kilichozidi hicho mara makumi, hata mamia.

Sasa njoo kwa watu. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ubelgiji, watu 212, miaka 3. Nusu walipewa glukosamini salfeti miligramu 1500 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Kwenye eksirei, nafasi kati ya mifupa ya goti ilipungua kwa wastani wa milimita 0.31 kwa waliopewa kidonge kitupu, na 0.06 tu kwa waliopewa glukosamini. Mwaka uliofuata utafiti wa Prague, watu 202, miaka 3 pia, ulitoa matokeo yanayofanana. Hapo ndipo maneno "inazuia gegedu kulika" yalipoanzia, na si maneno ya kutunga.

Lakini tazama jinsi kipimo kilivyochukuliwa. Eksirei haioni gegedu. Inaona mifupa miwili na pengo kati yake, na gegedu tunalikisia kutokana na pengo hilo. Picha zilipigwa mgonjwa akiwa amesimama, goti limenyooshwa kabisa. Mwenye maumivu hawezi kulinyoosha goti sawasawa na asiyeumwa, na goti likikunjika hata kidogo, pengo hubadilika. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu waliuliza: je, dawa ililinda gegedu, au ilipunguza maumivu tu, mtu akasimama vizuri zaidi mbele ya mashine? Kwangu mimi swali hili ndilo lililonifanya niache kuzitazama tarakimu zile kama uthibitisho. Isitoshe, tafiti zote mbili zilifadhiliwa na kampuni iliyotengeneza dawa yenyewe.

Mwaka 2006 Wamarekani walitoa utafiti mkubwa zaidi, uliolipiwa na serikali yao, watu 1583 kwa wiki 24. Waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 ya maumivu walikuwa asilimia 60.1 kwa kidonge kitupu, 64.0 kwa glukosamini, na 70.1 kwa selekoksibu, ambayo ni dawa ya maumivu. Pengo kati ya glukosamini na kidonge kitupu lilikuwa dogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati. Miaka 2 baadaye walipopima pengo la goti kwa watu 572, hawakupata tofauti ya kuaminika. Ikumbukwe walitumia glukosamini hidrokloraidi, aina nyingine ya glukosamini, si salfeti, na wanaoitetea salfeti hushika hapo.

Ukaja wa Australia, uliochapishwa 2014: watu 605, miaka 2. Waliotumia glukosamini salfeti pamoja na kondroitini, kirutubisho kingine cha viungo, walipoteza pengo pungufu kwa takriban milimita 0.1 kuliko waliopewa kidonge kitupu. Maumivu yao hayakutofautiana. Kwa nyonga, Waholanzi walipima watu 222 kwa miaka 2 na hawakuona faida.

Ndiyo maana wataalamu hawaongei kwa sauti moja. Chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilishauri kwa nguvu glukosamini isitumike kwa goti wala nyonga. Uingereza nayo inawaambia madaktari wasiiandike. Kundi la wataalamu wa Ulaya liitwalo ESCEO linaikubali, ila kwa salfeti ya fuwele iliyotengenezwa kama dawa ya cheti, si chupa yoyote.

Nilivyoelewa mimi: huenda glukosamini salfeti ikitumika miaka 2 au 3 inapunguza kidogo kasi ya gegedu kulika kwa baadhi ya watu. Hakuna utafiti ulioonyesha inaotesha gegedu lililokwisha. Na kama goti limefika mfupa kugusa mfupa, hakuna tena cha kulindwa.

Hatua ya 4: Jiulize kama kidonge ni salama kwako

Hii usiiruke. Kwa watu wengi glukosamini haina madhara makubwa. Tumbo kujaa, kiungulia au kuharisha kidogo ndiyo malalamiko ya kawaida. Lakini wapo wanaopaswa kusimama hapa.

Wa kwanza ni anayetumia warfarini ili damu isigande. Kuna ripoti za INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kupanda baada ya kuongeza glukosamini, na INR ikipanda unaweza kuvuja damu ndani. Usianze bila kliniki yako kujua. Mama mkubwa anatumia warfarini kwa sababu ya moyo, na chupa ile ile ililetwa kwake na muuzaji yule yule, ambaye hakumwuliza hata dawa moja anayomeza.

Anayevimba au kubanwa pumzi akila kamba, kaa au kambakochi aitafute ile ya kuvu au aache kabisa. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Kwa kipimo cha kawaida tafiti nyingi hazikuona mabadiliko makubwa, lakini sukari yako ni yako. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasitumie. Mwenye presha au figo dhaifu asome hatua ya 6 kwa makini, kuna chumvi ndani yake.

Hatua ya 5: Anza na paja, kabla ya kidonge

Wengi huanza vyote siku moja, kidonge na mazoezi, kisha nafuu ikija sifa inakwenda kwenye kidonge. Ninakuomba ugeuze. Wiki 6 za kwanza zifanye za mazoezi peke yake, kidonge kiwe kabatini.

Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea mshtuko kabla haujafika kwenye gegedu. Ikilegea, goti linabeba lisichostahili. Zoezi la msingi halihitaji kifaa: kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama, kisha kaa polepole kama unayeogopa kukivunja kiti. Rudia mara 8 hadi 12, pumzika, fanya raundi nyingine, siku 3 kwa wiki. Ukishindwa kusimama bila mikono, ongeza mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Zoezi la pili ni la kulala chali, mguu umenyooka: kaza paja kana kwamba unakandamiza goti kwenye godoro, hesabu hadi 5, legeza, mara 10. Mama alilifanya hili kitandani kabla ya adhana ya alfajiri.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakizidi na yakabaki hadi kesho yake, punguza idadi, usiache.

Kama una uzito wa ziada, kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti takriban kilo 4 za mzigo kwa kila hatua. Zidisha kwa hatua za siku nzima. Hakuna chupa inayofika hapo.

Na punguza kukunja goti hadi mwisho. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu au chuma cha kushika. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali. Anayeumia kwenye sijda aswali kitini, ruhusa ipo.

Hatua ya 6: Soma chupa kabla ya kulipa

Chupa ya mama niliiweka mezani, mwanga wa dirishani. Mbele yake palikuwa na picha ya goti linalong'aa rangi ya dhahabu na tarakimu 2400 kwa herufi nene. Nyuma, kwa herufi ndogo mno, maelezo kwamba miligramu 2400 ni "mchanganyiko maalumu" wa vitu 7, glukosamini ikiwa mmoja wao, bila kutaja ni kiasi gani. Inaweza kuwa 1500, inaweza kuwa 100. Chupa isiyotaja kiasi cha glukosamini pekee yake irudishe.

Kisha tazama ni glukosamini gani. Iliyotoa matokeo ya kutia moyo ni salfeti, miligramu 1500 kwa siku. Salfeti tupu hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika, ndiyo maana watengenezaji huifunga na chumvi, ama ya sodiamu ama ya potasiamu. Hapo pana mtego. Ikiandikwa miligramu 1500 za glukosamini salfeti pamoja na chumvi yake, basi kati ya sehemu moja ya tano na moja ya nne ya uzito huo ni chumvi, na salfeti yenyewe imebaki karibu 1200 au chini ya hapo. Ya kwenye dawa iliyofanyiwa utafiti huandikwa miligramu 1884 kwa jumla, sawa na 1500 za salfeti halisi.

Dozi hiyo ya 1884 inabeba takriban miligramu 150 za sodiamu. Si nyingi kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mwenye presha ni nyongeza ya kila siku anayopaswa kuijua. Ile ya potasiamu si ya mwenye figo zilizochoka.

Ukikaa Pwani, vidonge vilivyolowa, vilivyogandana au kubadilika rangi kuwa kahawia, usimeze. Funga kifuniko kwa nguvu, na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu usikitoe.

Hatua ya 7: Pima goti kabla ya kidonge cha kwanza

Chukua daftari. Andika vitu vitatu tu, la sivyo utachoka. Maumivu ya wiki nzima kwa alama 0 hadi 10, 10 ikiwa maumivu makali kuliko yote. Mara ngapi unaweza kusimama na kukaa kwenye kiti kile kile ndani ya sekunde 30, mikono kifuani, mtu mwingine akishika saa. Na jambo moja la maisha yako linalokushinda: ngazi za kanisani, kupanda daladala, kukuna nazi.

Kumbuka asilimia 60 wa Marekani waliopata nafuu kwa kidonge kisicho na kitu. Goti la namna hii lina siku nzuri na siku mbaya, na watu hununua dawa katika siku mbaya. Nafuu ingekuja hata hivyo. Daftari ndilo litakalokuambia kama nafuu hii ni kubwa kuliko ile uliyokwisha kuipata kwa mazoezi.

Hatua ya 8: Meza kwa wiki 12, bila kuongeza kingine

Miligramu 1500 za salfeti mara moja kwa siku, pamoja na chakula ili tumbo lisilalamike. Usiongeze dozi ukiona kimya. Kuongeza hakujaonyeshwa kusaidia. Glukosamini si dawa ya kutuliza, kwa hiyo wiki 2 za mwanzo usitegemee lolote. Maumivu yakikuzidi, jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye goti ni chaguo lenye ushahidi mzuri na lisilobebesha tumbo mzigo kama vidonge vyake. Andika siku ulizopaka. Mazoezi yaendelee vile vile.

Kila wiki 4 rudia vipimo vitatu, siku ile ile ya wiki, kiti kile kile.

Hatua ya 9: Amua

Baada ya wiki 12 fungua daftari. Maumivu yameshuka kwa alama 2 au zaidi, na kusimama kumeongezeka? Unaweza kuendelea, ukaja ukaacha kwa miezi 2 uone kama goti litarudi nyuma. Hakuna tofauti? Acha. Usijiambie kwamba "ndani kwa ndani gegedu linalindwa", kwa maana milimita 0.1 ya miaka 2 huwezi kuihisi, na hakuna atakayekupiga picha ya kuionyesha. Kabla ya kuendelea, zidisha bei ya chupa ya mwezi kwa 36, kwa sababu tafiti zilizoona chochote kwenye pengo la goti zilichukua miaka 2 hadi 3. Jumla hiyo ilinganishe na nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba mara 4.

Kwenye daftari la mama, wiki 6 za mazoezi zilimtoa kwenye kusimama mara 6 hadi mara 9 ndani ya sekunde 30. Wiki 12 za kidonge, safari hii salfeti yenye kipimo kamili, zilimwacha kwenye 9. Maumivu yalibaki alama 4. Tukaacha kununua, na fedha ile tukamlipa fundi seremala, akaipandisha ile mbuzi ya nazi juu ya meza fupi. Sasa anakuna akiwa ameketi kwenye kiti, miguu imenyooka, na sinia liko mapajani.